Uzoefu wangu: sanaa inayozaliwa ndani ya blokcheni, na zana tunazotumia kuendesha DAO yetu (kikundi kinachojiongoza kwa kura za wanachama kupitia blokcheni)

Kilichonivuta Art Blocks, jukwaa la sanaa inayochorwa na msimbo wa kompyuta, haikuwa bei wala zile kelele za biashara ya sanaa ya kidijitali za 2021, ni kitu kimoja tu, kwamba kazi ya msanii haikai kwenye seva ya mtu. Kabla ya hapo nilishanunua NFT, yani tokeni ya kidijitali inayoonyesha we ni mmiliki wa kazi fulani, kwenye soko moja ambalo sitalitaja jina, na ile tokeni mpaka leo iko kwenye pochi yangu ya kripto lakini ukiifungua unakuta kiboksi kitupu, maana kilichoandikwa kwenye blokcheni (daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi) kilikuwa linki tu na seva iliyokuwa na picha ilishazimwa. Yani risiti ninayo, mzigo haupo. Baada ya pale nikawa kila nikitaka kununua kitu swali langu la kwanza ni moja, hii kampuni ikifunga kesho mimi nabaki na nini mkononi?

Art Blocks ilifunguliwa Novemba 2020, mwanzilishi wake ni Erick Calderon ambaye wengi wanamjua kama Snowfro, na mradi namba sifuri ni wake mwenyewe, Chromie Squiggle, ule mstari wa rangi rangi unaojikunja. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi: msanii haleti picha, analeta skripti, yani maelekezo ya kompyuta, skripti inapakiwa Ethereum, moja ya blokcheni kubwa, halafu we ukiminti (ukinunua toleo jipya linalozaliwa palepale) mkataba janja, yani programu iliyo ndani ya blokcheni, unakutolea hashi, ile safu ndefu ya herufi na namba, na hiyo hashi ndo mbegu ya kila kitu, rangi, unene, mikunjo, idadi ya maumbo. Msanii mwenyewe hajui we utapata nini mpaka uminti. Na hapo ndo utaona nani fundi kweli, kwa sababu hawezi kuchagua ile iliyotoka vizuri akaficha zingine, skripti lazima iwe nzuri kwa kila mbegu itakayokuja. Fidenza za Tyler Hobbs ziko 999, Ringers za Dmitri Cherniak ziko 1,000, ukizipanga pamoja unaona kabisa ni ndugu wa tumbo moja ila kila mmoja ana sura yake. Mi hiyo kazi ya kuandika sheria itakayozaa mamia ya picha bila kuharibu hata moja naiheshimu sana, na watu wanaosema eti kompyuta ndo imechora wangejaribu siku moja waandike wenyewe waone.

Sasa nikasema maneno matupu sitaki, ngoja nijaribu mwenyewe. Nikaingia Etherscan, tovuti ya kuangalia yaliyoandikwa Ethereum, nikatafuta mkataba, nikafungua sehemu ya kusoma, pale kuna fanksheni inayokupa skripti ya mradi kipande kwa kipande, unaweka namba ya mradi na namba ya kipande inakuletea maandishi. Nikakopi vyote nikavibandika kwenye faili moja tupu ya HTML, nikaweka p5.js (msimbo wa kuchora ulioandikwa tayari) toleo lile lile ambalo mradi unataka, juu yake nikaandika hashi ya tokeni yangu, nikasevu nikafungua kwenye brauza. Picha ikatokea! Ile ile, mkunjo kwa mkunjo, rangi kwa rangi, bila kugusa tovuti ya Art Blocks hata kidogo. Nikabadilisha herufi moja tu ya hashi ikaja nyingine kabisa. Jamani ile hali siwezi kuieleza vizuri, ila ndo siku nilielewa ninachomiliki ni kitu gani, na kama una tokeni ya aina hii hujawahi kufanya hivi nakuomba ufanye, haihitaji uwe programa, ni kukopi na kubandika tu.

Lakini tuseme ukweli wote. Hapo umeona nimetaja p5.js, hiyo ni maktaba na mwanzoni haikuwa ndani ya blokcheni, skripti ilikuwa ndani ila inategemea maktaba iliyo nje. Art Blocks baadaye wakaja kushughulikia hilo la maktaba kuingizwa ndani, na walifanya vizuri, kwa sababu miaka ile ya mwanzo neno "on-chain" (ndani ya blokcheni) lilikuwa linatumika kwa ulegevu kidogo. Ukitaka iliyonyooka kabisa angalia Autoglyphs za Larva Labs za Aprili 2019, ziko 512 basi, na mchoro wote unatengenezwa na mkataba wenyewe, unauita unakurudishia maandishi ya safu 64 kwa 64 na maelekezo kila alama uichoreje. Hakuna maktaba, hakuna chochote cha pembeni. Ubaya wake ni kwamba kwa njia hiyo huwezi kufanya vitu vizito kama Fidenza, nafasi ndani ya Ethereum ni ghali, mkataba mmoja wenyewe hauruhusiwi kuzidi baiti 24,576, kwa hiyo ukiona msanii amebana kazi kubwa ikaingia kwenye vipande vidogo hivyo ujue ametoka jasho.

fxhash pia nimeitumia, jukwaa jingine la sanaa ya aina hii, ile iliyoanzia Tezos (blokcheni nyingine) Novemba 2021, na kwa anayeanza ningemwambia aanzie huko. Mtu yeyote anaweka mradi bila kuchujwa na kamati, gesi (ada ya muamala) ndogo, unaweza kuminti vitu vingi ukajifunza jicho lako linapenda nini. Kwa kuwa hakuna mchujo utakutana na kazi nyingi za kawaida sana, hilo ulijue. Na miradi yake ya mwanzo faili ziko IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta nyingi, ambayo ni bora kuliko seva ya mtu mmoja lakini bado lazima pawe na mtu anayelihifadhi lile faili, wote wakiacha linapotea.

Huku kwenye jumuiya sasa. Mfano ninaoupenda ni Nouns, DAO iliyo Ethereum, tangu Agosti 2021 mkataba unatoa Noun mmoja kila siku unapigwa mnada, ni vichwa vya pikseli 32 kwa 32 vyenye miwani ya mraba, sehemu zote za mchoro zimebanwa zikahifadhiwa ndani ya Ethereum na SVG (picha iliyoandikwa kwa msimbo) inaunganishwa palepale ukiiomba. Mbegu inatokana na hashi ya bloku (fungu la miamala la blokcheni) iliyotangulia, kwa hiyo watu wanakaa kuangalia kila bloku ingetoa sura gani, wakiipenda wanawahi kufunga mnada uliopita ili hiyo ndo izaliwe. Pesa ya mnada inaingia hazina ya DAO na mwenye Noun ana kura. Kilichonifurahisha zaidi ni kile cha 2023, wanachama wengi walikuwa hawaridhiki hazina inavyotumika, na mkataba ulishawekewa mlango wa kutokea, asilimia 20 wakikubaliana wanaweza kujitenga na fungu lao. Wakatoka wenye zaidi ya nusu ya Nouns zote, wakaondoka na mamilioni ya dola, na waliobaki wakaendelea na mnada wao kama kawaida. Wapo wanaosema ilikuwa aibu kwa Nouns, mi nakataa. Kikundi ambacho mtu anaweza kuondoka na haki yake bila kesi wala kuomba ruhusa ndo kikundi ninachotaka kuwa ndani yake.

Kikundi chetu ni kidogo, wakusanyaji na wasanii wachache tuna mfuko wa pamoja, na tunatumia Snapshot kupiga kura na Safe, pochi inayohitaji saini za watu kadhaa, kushika pesa. Snapshot ni nyepesi mno, unasaini tu na pochi hulipi gesi, kura zinahifadhiwa IPFS mtu yeyote anaweza kuhesabu upya, na inaangalia ulikuwa na tokeni ngapi kwenye bloku fulani kwa hiyo huwezi kukimbia kununua baada ya pendekezo kufunguliwa. Kama kuna mtu hajawahi kabisa kugusa kripto akishaweza kufungua pochi anapiga kura bila shida. Kitu ambacho lazima wanachama wenu waelewe ni kwamba kwa matumizi ya kawaida kura ile haiamrishi pesa itembee. Pendekezo likipita bado wenye funguo za Safe wanapaswa kusaini, kwetu ni watatu kati ya watano, na kuna pendekezo letu lilipita kwa kishindo halafu malipo ya msanii yakakaa kwa sababu wasaini watatu walikuwa safarini na vifaa vyao wameacha. Hilo si kosa la zana, ni sisi tuliweka watu bila kupanga zamu, sasa hivi kila msaini ana mbadala wake na tumeandika siku za mwisho za kutekeleza.

Safe nayo naipa heshima yake ila usaini kwa macho mawili. Februari 2025 Bybit, soko la kubadilishia kripto, walipoteza takriban dola bilioni 1.5 za ETH (sarafu ya Ethereum) kwenye pochi yao ya Safe, na waliosaini walikuwa na vifaa vya pochi mkononi, shida ni kwamba skrini ya kompyuta iliwaonyesha muamala mmoja na kilichoenda kusainiwa kikawa kingine. Toka siku ile sisi hakuna anayesaini kabla hajalinganisha hashi ya muamala iliyo kwenye kifaa na ile aliyokokotoa mwenyewe kwenye kompyuta nyingine. Inachosha, yes, na kuna mtu kila mara analalamika, lakini ni uleule utaratibu wa kuvuta skripti Etherscan, unaangalia mwenyewe kilichoandikwa hutegemei kilichopambwa.

Kuhusu boti za kuruhusu watu kuingia kwenye chumba cha wanachama kwa kuangalia tokeni, zinafanya kazi vizuri tu, ila usikubali kuunganisha pochi unayohifadhia kazi zako kubwa. Tumia delegate.xyz, pochi kubwa inasaini mara moja tu kuiruhusu ndogo iiwakilishe, boti inaona una tokeni na baada ya hapo kubwa inabaki imelala. Nashangaa vikundi vingi bado havijawaambia watu wao hili.

Sa hivi sisi tuna skripti yetu wenyewe, imeandikwa na wanachama wawili, na mjadala ni tuiweke Ethereum moja kwa moja au kwenye mojawapo ya zile za tabaka la pili (mitandao iliyojengwa juu ya Ethereum) ambazo baada ya mabadiliko ya Machi 2024 gesi zake zilishuka sana. Wanaotaka tabaka la pili wana hoja, wanunuaji wadogo wataweza kuminti. Upande wangu naona skripti yenyewe ikae Ethereum hata kama itatugharimu zaidi, kwa sababu nataka mtu wa miaka mingi mbele aivute kama mi nilivyovuta ile ya kwanza bila kuuliza kama mtandao fulani bado unaendeshwa. Pendekezo liko Snapshot, nimeshapiga kura yangu, bado wengi hawajapiga.