Mbegu mbili za ngano, shamba moja: uzoefu wangu

Kama unachagua mbegu ya ngano ya majira ya machipuko kwa kuangalia asilimia ya uotaji iliyoandikwa kwenye mfuko, soma hapa kwanza. Nilipanda aina mbili siku moja, kwa mashine ile ile, na mifuko yote iliahidi uotaji wa zaidi ya asilimia 90. Aina moja ilijaza mistari. Nyingine iliacha mapengo ya kutia uchungu.

Nilifukua mapengo hayo kwa kisu. Mbegu zilikuwa zimeota vizuri tu na mizizi imeshika. Shida ilikuwa juu yake: jani la kwanza lilikuwa limechomoka kwenye ala yake likiwa bado ardhini, limejikunja mikunjo mikunjo na kuwa njano. Ala hiyo huitwa koleoptili, na ndiyo mkuki wa kutoboa udongo. Ikiishia chini, jani lenyewe ni laini mno kupenya, hasa mvua ikipiga na udongo ukafanya ukoko.

Aina iliyonipa mapengo ni ya kimo kifupi. Nyingi za namna hiyo zina jeni Rht-B1b au Rht-D1b, zilizotoka kwenye ngano ya Kijapani Norin 10 na kuenea duniani kupitia kazi ya mtafiti wa ngano Norman Borlaug, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 1970. Ni jeni zenye faida kubwa, maana ngano hailali ovyo ikibeba masuke mazito, lakini zinafupisha koleoptili pia. Kwenye kina cha sentimita 3 hadi 5 huoni tatizo. Msimu huo unyevu ulikuwa chini ndani ya udongo, tukapanda karibu sentimita 8, na hapo tofauti ikajitokeza wazi.

Miche iliyochelewa kutoka ilikuwa imemaliza akiba ya punje, na ndiyo iliyokufa kwa wingi. Aina fupi ilijitahidi, nakiri: miche iliyopona ilitoa machipukizi mengi ya pembeni kuziba nafasi. Ila machipukizi ya mwisho yalichelewa kukomaa, masuke mabichi yakachanganyika na makavu wakati wa kuvuna.

Muulize muuzaji urefu wa koleoptili na dawa iliyopakwa kwenye mbegu, kwani baadhi ya dawa za kuvu za kundi la triazoli huifupisha koleoptili zaidi. Uliza pia uzito wa punje 1000. Ukitaka miche 250 kwa mita ya mraba, punje 1000 zikiwa gramu 40 na ukitarajia asilimia 80 zisimame, unahitaji kilo 125 kwa hekta. Punje zikiwa nzito zaidi, kilo zinapanda.

Aina ndefu naipa nyota 5. Fupi naipa 3, na nitaipanda tena pale tu unyevu utakapokuwa karibu na uso wa udongo.