Biti ya utando wa almasi kwa boti za fiba: inalipa, ila si kwa kila karakana

Fiba inakula makali. Nyuzi zake ni kioo, na biti ya chuma ya kawaida ikishatoboa matundu machache huanza kuunguza gundi badala ya kukata. Kabaidi, ile ngumu ya tangsteni na kaboni, hustahimili zaidi, lakini nayo huisha. Kwa fundi wa boti wa Mwanza anayetoboa fiba kila siku, biti hii ya milimita 6, ya kabaidi iliyooteshwa utando wa almasi, ina thamani ya pesa yake, ingawa bei ni mara kadhaa ya kabaidi tupu.

Kwanza hakikisha unauziwa yenyewe. Dukani huitwa "almasi" hata biti zenye chembe za almasi zilizogandishwa kwa nikeli. Hizo hukwaruza ukucha, hazina makali, na kazi yake ni kusaga. Ya utando ni ya kijivu kilichokolea, haing'ai, na makali yake na mifereji yake vinaonekana wazi. Yenye rangi ya dhahabu ni ya titani naitraidi, utando mwingine usio almasi.

Utando huo huota kutokana na gesi: hidrojeni yenye methani kama asilimia 1, waya wa tangsteni ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 2,000, biti ikiwa karibu na nyuzi 800. Kaboni hutua juu ya biti, na atomi za hidrojeni huondoa ile inayotaka kuwa grafiti, yaani kaboni laini kama ya penseli. Tatizo ni kobalti, metali inayoshikamanisha chembe za kabaidi. Yenyewe huivuta kaboni iwe grafiti, hivyo lazima iondolewe kwanza kwa asidi kwenye uso wa biti. Kiwanda kikilipua hatua hiyo, utando hubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Ndiyo maana kabla ya kulipa, azima kile kioo cha sonara kinachokuza mara 10, utazame ncha na pembe za makali. Ukiona doa linalong'aa, hapo kabaidi iko wazi. Usiichukue.

Itumie kwenye drili ya mezani, mizunguko 3,000 kwa dakika, na fiba ya milimita 10 ipite kwa sekunde 4 hivi. Ukiibembeleza inasugua tu, joto linapanda, gundi inalainika na kuziba mifereji. Bana ubao nyuma ya kazi ili matabaka yasipasuke upande wa kutokea. Vumbi lifyonzwe, na barakoa usiivue. Drili ya mkononi haifai kabisa: kabaidi haipindi, mkono ukiyumba kidogo imekatika.

Chuma usiguse. Kikipata moto, kaboni ya almasi huyeyukia ndani yake na makali yanakwenda. Ukikutana na bolti iliyozikwa ndani ya fiba, badilisha biti. Alumini haina shida.

Kasoro yake ni kwamba utando wa maikroni 10 hivi (sehemu ya mia ya milimita) huyafanya makali yawe mviringo kidogo, na biti hainoleki. Kwenye mbao laini, kabaidi mpya hutoa tundu safi zaidi. Na anayeziba kiraka kimoja kwa mwezi anunue kabaidi tupu.