Sounds of Sisso: singeli ya Mburahati ikichezwa sebuleni

Mkusanyiko huu wa nyimbo ulitoka 2017 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ndani yake ni singeli tupu, muziki wa mtaani wa kasi, kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam. Niliununua Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, nikiwa tayari naijua singeli ya kigodoro, ile ya spika kubwa mtaani mpaka alfajiri. Nilichotaka kujua ni kama muziki huu unaweza kusimama wenyewe, bila vumbi na bila watu wanaocheza mbele yako. Unasimama.

Kasi utaisikia tu. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300, na mgeni atachoka mapema. Mimi nashauri usianze kwa kuhesabu ngoma. Shika kinanda. Ni kile kile cha mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli: chembamba, kikali, na ukitulia unakuta kipande kifupi mno kinazungushwa bila kupumzika huku ngoma zikibadilika chini yake. Mara zinakatika ghafla, kinabaki kinanda peke yake, halafu zote zinarudi kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo mtaani watu hupiga kelele. Kwenye hedifoni nilisikia kitu ambacho kwenye kigodoro hukipati: jinsi makofi yanavyopishana na ngoma, moja kushoto, jingine kulia. Huu ni ufundi wa watu wanaotumia kompyuta za kawaida na masikio makali, na unanipa fahari sana.

Lakini kilichonishika zaidi ni sauti za watu. Mghani Makaveli akishika maiki unadhani hatapata pumzi, ila maneno hayamezwi. Ukirudia wimbo unaanza kushika: mapenzi, njaa, majigambo, mtaa wake. Waandishi wengi wa nje wakiisifia singeli wanaishia kwenye kasi, kama vile hakuna anayeghani chochote juu ya midundo hiyo. Sisi tunaojua Kiswahili tuna bahati ya kuusikia wimbo mzima, na ningependa tuitumie. Ndiyo maana kwangu nyimbo zenye kughani zinazizidi zile za midundo mitupu. Midundo ya mtayarishaji Bamba Pana ni mizuri, hasa ukiwa na kazi ya mikono, lakini ikifuatana mingi mfululizo naanza kumtafuta mtu wa kunisemesha.

Usiusikilize kwa spika ya simu. Kinanda kitakuchoma masikio na besi hutaipata kabisa, utabaki na kelele. Spika yenye besi ya kweli, hata ndogo, inabadilisha kila kitu. Na usilazimishe kuumaliza kwa mkao mmoja. Nyimbo chache jioni zinatosha, kesho unaendelea.

Kwa aliyekulia kwenye taarab na mchiriku, hapa atawatambua wazee wake. Kwa anayedhani singeli ni fujo za vijana wa uswahilini, ningemwomba achague wimbo mmoja wenye kughani, ausikilize mara mbili akiwa ametulia, maneno kwanza.

Mimi sasa nimehamia Poaa, albamu ya Bamba Pana ya 2018. Ni ngumu zaidi, na Makaveli yumo.