Wakili aliyenikatisha kabla sijaanza kueleza: uzoefu wangu na ofisi mbili za mawakili Dar

Wakili wa pili nampa nyota nne. Wa kwanza simpi kitu. Majina ya ofisi zao nayaacha.

Shida yetu ni ya kila siku hapa Dar: kiwanja cha marehemu baba kule Mbagala, kaka kakiuza bila hata kuwa msimamizi wa mirathi, na mnunuzi keshamwaga kokoto. Ofisi ya kwanza nililipa elfu hamsini ya ushauri. Wakili mpole, msikilizaji kweli. Nikamweleza yote: nani atatoa ushahidi, ndugu gani keshapokea mgao na anaweza kutugeuka, hadi kiasi ambacho tungekubali tukiambiwa tuyamalize nje. Yeye anaandika tu. Ndipo nikamtolea nakala ya mkataba wa mauziano. Akafunua ukurasa wa mwisho, akanyamaza. Muhuri ulikuwa wa ofisi yake. Aliyeshuhudia saini ni mwenzake wa chumba cha pili.

"Dada, hapa pana mgongano wa maslahi. Huyu mnunuzi ni mteja wetu."

Anayasema hayo siri zangu zote zimo kwenye daftari lake!

Tumezoea muuzaji na mnunuzi kutumia wakili mmoja: anaandaa mkataba, anashuhudia, anagonga muhuri, anachukua chake. Mambo yakiwa shwari hakuna anayejali. Yakichacha, wakili huyo anaweza kuitwa shahidi, na akisimama upande mmoja inakuwa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinamkataza kutetea pande mbili zinazogombana, kwa hiyo kuuliza majina mapema ni kazi yake, si yangu.

Ofisi ya pili, karani alinipa karatasi kabla sijakaa vizuri: majina kamili ya wahusika wote, kiwanja kilipo, na wakili aliyeshuhudia mkataba. Chini, kwa herufi kubwa: USIELEZE KISA BADO. Mimi nina mdomo, nikaanza kueleza. Wakili akaninyooshea kiganja: "Subiri kwanza, dada yangu." Akapekua majalada, akawauliza wenzake, akarudi. "Haya, sasa nakusikiliza."

Swali lake la kwanza halikuhusu kiwanja. Alitaka kujua yule wa kwanza nilimwambia nini. Akanieleza kwamba niliyoyasema nikitafuta msaada wa kisheria ni siri, hata kama kazi yangu haikuchukuliwa, kisha akaiandikia ofisi ile barua ijitoe. Wakikataa, anaweka pingamizi shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na malalamiko ya kinidhamu yanakwenda Kamati ya Mawakili. Akanikumbusha pia kwamba kabla ya hapo lazima tupite Baraza la Kata kwa usuluhishi, jambo ambalo wa kwanza hakuligusa kabisa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya simu. Hapokei. Kila kitu ni kupitia karani WhatsApp, na karani naye akishaona ujumbe wako anajibu kesho yake. Bei iko juu kidogo, ila risiti unapata bila kuomba.

Barua ilifanya kazi: ofisi ya kwanza imejitoa na mnunuzi katafuta wakili mwingine. Elfu hamsini yangu bado wanayo.