Miaka miwili ya kulea paka wagonjwa kwa muda hapa Goma: uzoefu wangu

Paka wa kwanza aliletwa kwangu kwa pikipiki, Oktoba 2023, ndani ya kikapu cha kuku kilichofungwa kwa kamba ya nailoni. Mgongo wake haukuwa na manyoya kuanzia mabegani hadi karibu na mkia. Mtu alimkuta kichwa kimezama kwenye sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akammwagia maji ya moto. Alikuwa mweusi ti, watoto wakamwita Makala, yaani makaa. Nilikubali kukaa naye wiki tatu, akakaa miezi mitatu. Tangu hapo wamepita wengine wawili, kila mmoja na shida yake. Kuna watu wananiuliza kama jambo hili linawezekana katika nyumba ya kawaida, yenye watoto na kazi. Naandika yote, yaliyonifurahisha na yaliyoniumiza.

Kituo chenyewe sitakitaja jina. Nina sifa za kukipa na nina lawama pia, na wale vijana ni wachache, wanafanya kazi kwa moyo. Ni nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, imezungukwa na ukuta wa makoro, mawe ya volkano, kama nyumba nyingi za huku kwetu. Paka wazima wanaweza kungojea humo mpaka wapate mwenyeji. Ila paka mwenye kidonda, au mwenye hofu, hapati nafuu katikati ya paka wengine kumi na tano: mafua yanarukia kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na mwoga anashindwa hata kufika kwenye sahani. Hao ndio wanagawiwa kwa walezi wa muda. Kituo kinatoa dawa, kinalipa veterineri (daktari wa wanyama), na kinakupa karatasi yenye saa za dawa. Wewe unatoa chumba, chakula na macho. Mimi ni fundi wa kushona, nashinda nyumbani, kwa hiyo dawa ya asubuhi na ya jioni hainipiti.

Kwa Makala kazi kubwa ilikuwa kumzuia asijilambe. Kola ya plastiki waliyonipa ilimkwaruza shingo, akawa anatembea kinyumenyume hadi anagonga ukuta. Siku ya tatu nilichukua vipande vya kitenge na sponji ya godoro kuukuu, nikamshonea kola laini, nene kama chapati tatu zilizopandanishwa. Alilala nayo usiku ule bila kulia. Baadaye kituo kiliniomba nishone nyingine sita, wakanunua sponji wenyewe.

Katika wiki hiyo hiyo nilikaribia kumuua. Jirani yangu, mama mwema kabisa, alimsikia akilia wakati wa kuosha kidonda, akaniletea nusu kidonge cha parasetamoli. Mtoto akiumia si tunampa? Niliona ni jambo la akili. Kitu kilinishika mkono, nikapiga simu kwanza. Yule kijana wa kituo alipaza sauti: "Mama, usimpe! Hata kipande!" Akanieleza kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unabadilika rangi, na paka anaweza kufa kwa kidonge kimoja tu. Ilikuwa saa tano usiku na aliipokea simu. Kama ningekuwa natoa alama, nusu ya alama zangu zote ningezipa simu hiyo. Mlezi hahitaji sana vitu. Anahitaji mtu wa kumuuliza kabla mkono haujafanya kosa.

Neno kuhusu choo, maana wengi wanaliona dogo. Hapa Goma mchanga mweusi wa volkano haununuliwi, unauchota tu nje, na kituo kinauweka kwenye mabeseni yote. Kwa paka mzima sawa. Kwa mgonjwa siupendi hata kidogo, kwa sababu kila kitu kinapotea ndani ya weusi ule: huoni damu kwenye mkojo, huoni minyoo, huoni kama amekojoa kidogo au sana. Dume anayekwenda kwenye beseni mara kwa mara na hatoi kitu anaweza kuwa ameziba njia ya mkojo, na hiyo haisubiri kesho, inaua kwa siku moja au mbili. Mimi naomba unga wa mbao kwa maseremala na kuutandaza juu ya gazeti. Kila asubuhi naona. Na uondolewe kila siku bila kukosa. Kuna ugonjwa wa toksoplasma ambao mbegu zake kwenye kinyesi cha paka zinahitaji siku moja au zaidi kabla hazijaweza kumwambukiza mtu. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito alikuja kukaa nasi. Beseni hakuligusa kabisa, na mimi nililisafisha kabla hajaamka.

Paka wa pili ndiye aliyenigombanisha na kituo.

Alikuja Juni 2024, kijike cha miezi miwili hivi, macho yameganda kwa tongo, pua imeziba, anapiga chafya mfululizo. Tulimwita Sambaza kwa udogo wake. Mafua ya paka yanatokana mara nyingi na virusi, na kinachoogopesha ni paka kuacha kula, kwa kuwa asiposikia harufu ya chakula hakitambui kama chakula. Paka si kama mbwa, hawezi kufunga. Siku mbili tatu bila kula, mafuta yanaanza kujaa kwenye ini lake, na hapo unaanza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilichemsha sambaza wabichi kutoka soko la Kituku, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwao, na kitunguu saumu vilevile), nikawaponda, nikawapa joto kidogo ili harufu ipande, nikampaka kidogo kwenye mdomo wa juu kwa kidole. Mara ya kwanza alijilamba kwa hasira. Mara ya nne alijilamba kisha akaangalia kidole changu. Niliita nyumba nzima waje kuona.

Dawa yake ilikuwa doksisiklini, kidonge cha kuua bakteria. Karatasi iliandika saa tu. Haikuandika kwamba kidonge hicho kikikwama kooni kinachoma, na kwamba kila mara lazima umfuatishie maji kwa siringi isiyo na sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Nililisikia kwa veterineri siku ya tano, kwa bahati tu. Jambo la namna hiyo linapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Wiki ya pili nikaona kiduara kisicho na manyoya nyuma ya sikio. Siku chache baadaye binti yangu akanionyesha duara jekundu mkononi, linawasha. Choa. Nilipopeleka swali kituoni, ndipo wakaniambia kwamba ndugu wawili wa Sambaza walikuwa wanatibiwa ugonjwa huo huo tangu mwezi uliopita. Walijua. Walihofia nikijua nitamkataa.

Choa si ugonjwa wa kuua, na binti yangu alipona kwa dawa ya kupaka, wiki tatu. Lakini mimi nashona nguo za watu. Mbegu za kuvu hili zinakaa kwenye manyoya yanayoanguka, kwenye vitambaa, kwenye vumbi, na zinaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mezani kwangu kulikuwa na nguo za harusi za wateja wawili. Nilifua upya vitambaa vyote vya dukani, nikapangusa meza, cherehani na sakafu kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, iliyochanganywa na maji, mara mbili kwa wiki kwa mwezi na nusu. Maji hayo hayatoki bombani kwetu, tunayanunua kwa bidoni, yaani madumu, yanasukumwa juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli. Niliwaambia wateja ukweli na mmoja alichukua kitambaa chake akaondoka. Sikumlaumu.

Nilikwenda kituoni nikakaa chini na mama anayekiongoza. Sikupiga kelele, ila nilisema kila kitu. Nilimwambia: mama, mngeniambia ningemchukua bado. Ningemweka chumba cha nyuma, ningeondoa vitambaa, ningevaa kanga moja ya kumshikia na kuifua kila siku. Mlichoninyima ni nafasi ya kujipanga. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba msamaha. Msamaha huo haukubaki maneno. Karatasi za paka waliofuata zilikuja na sehemu mbili mpya: yaliyompata, na yasiyojulikana.

Karatasi ya Koko ndiyo ya kwanza niliyoiona ya namna hiyo, Oktoba 2024. Koko ni jike la makamo, rangi ya jivu, lililoachwa ndani ya nyumba iliyohamwa. Iliandikwa: hana ugonjwa tunaoujua, amechanjwa kichaa cha mbwa, na tarehe yake, anang'ata ukipitisha mkono juu ya kichwa, haijulikani kama aliwahi kupigwa. Mistari hiyo ilinifaa kuliko dawa yoyote.

Paka mwenye hofu usimpe nyumba nzima. Mpe chumba kimoja kidogo, na ndani yake katoni yenye tundu. Mimi nilimweka kwenye chumba cha cherehani. Kwa siku tisa sikumwona isipokuwa macho mawili gizani. Nilikuwa naingia, nashona, natoka. Simtazami usoni, maana kwa paka kukodolewa macho ni kutishwa. Macho yakikutana nayafumba polepole na kuyafungua. Chakula nilikiweka mbali na mguu wangu hatua tatu, kisha mbili. Akifoka narudi nyuma bila kumgombeza, kwa kuwa kufoka ni hofu inayosema. Katikati ya Desemba alitoka mchana nikiwa nashona, akalala juu ya mabaki ya vitambaa, sentimita chache kutoka kwenye kanyagio. Cherehani ilikuwa inapiga kelele na hakuijali. Nilishona mshono ule ule mara tatu ili nisisimame.

Halafu ikaja wiki ya mwisho ya Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Jumatatu ya tarehe 27 tulikuwa wote sakafuni, milio inapita juu ya mabati, umeme hakuna, maji hakuna. Koko aliingia chini kabisa ya kitanda, kwenye pembe iliyo karibu na ukuta wa mbao wa upande wa barabara. Niliogopa risasi. Nikapitisha mkono kumvuta, juu ya kichwa, yaani vile vile karatasi ilivyokataza. Aliniuma kwenye kiganja, meno yote manne.

Kidonda cha meno ya paka ni chembamba na kirefu, kinafunga uchafu ndani, na kinatakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Tulikuwa na bidoni mbili kwa watu sita, hatujui maji yatarudi lini. Mwanangu mkubwa alimimina, mimi nikasugua, tukahesabu dakika kwa simu iliyobaki na chaji kidogo. Karibu nusu ya bidoni iliisha. Hakuna aliyelalamika. Kwa siku kadhaa nisingeweza kufika kwenye kituo cha afya, na kitu kimoja tu kilinipa utulivu: ile tarehe ya chanjo kwenye karatasi. Kama ingekuwa karatasi ya zamani ningekesha nikifikiria kichaa cha mbwa juu ya yote mengine. Njia zilipofunguka nilipata dawa ya kuzuia usaha, mkono ukapona, ingawa kidole cha kati bado kinakuwa kizito asubuhi za baridi.

Koko alirudi kwenye katoni na sisi tukarudi siku ya kwanza. Hatua tatu, hatua mbili. Ilichukua hadi Aprili. Benki zilikuwa zimefungwa, kituo hakikuwa na fedha mkononi, dawa za wanyama zikawa adimu, na kwa wiki kadhaa chakula chote kilitoka mfukoni mwangu. Wengine wangekasirika. Mimi nilijua wanakula nini wao wenyewe. Julai alichukuliwa na mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, na nilimpa ile karatasi, nikaongeza mistari yangu kwa kalamu: usivute kutoka chini ya kitanda, anapenda sauti ya cherehani.

Kwa hiyo kama unafikiria kuchukua paka wa namna hii, kituo hiki nakipendekeza, ila usikubali paka asiye na karatasi. Uliza waziwazi: wale aliokaa nao wana nini? Amechanjwa lini? Amewahi kumng'ata nani na ilikuwaje? Saa sita usiku nampigia nani? Wakisita kwenye swali la mwisho, subiri.

Juzi wamenipigia tena. Ni dume jeupe lenye mguu mmoja wa nyuma uliokatwa, jeraha limeshafunga. Kwenye yasiyojulikana wameandika mistari mitano, hata kwamba hawajui kama amezoea watoto. Nilisema nahitaji siku mbili za kuhamisha vitambaa. Ameletwa leo asubuhi, yuko chini ya meza ya cherehani, hajala bado. Beseni lina unga wa mbao mpya. Saa mbili usiku nitampashia samaki.