Raba za kukimbilia za mtumba pale Memorial, Moshi: miaka miwili, pea tatu

Kila Jumamosi alfajiri, tukiwa tunanyoosha viungo kabla ya kuondoka kukimbia, hakosi mtu wa kuniuliza: "Dada, mimi nikanunue raba gani?" Namjibu kwa maswali, unakimbilia wapi na mguu wako ukoje, halafu muda unaisha, tunaondoka. Leo nimekaa niseme yote kwa nafasi, pamoja na habari za banda lililonivalisha miaka miwili mfululizo, lililoko soko la mitumba la Memorial hapa Moshi.

Kwanza mnijue, maana raba niliyoipenda mimi inaweza kukuumiza wewe. Nina miaka 43 na kilo 79. Kazi yangu ni uhasibu, nakaa kutwa. Mguu wangu ni mpana mbele na mwembamba kisiginoni, na gumba la kulia limeanza kulalia vidole vingine. Natua kwa kisigino. Nakimbia siku nne kwa wiki, kilomita thelathini hivi kwa jumla, na nusu marathoni ya hapa nyumbani nimeikimbia mara tatu.

Zamani nilikuwa nanunua dukani. Kuna duka mjini, jina naliacha, liliniuzia raba mpya na boksi lake na karatasi zake kwa shilingi 120,000. Wiki ya tatu, nikiwa nateremka kutoka Uru, soli ya kushoto ikaachia kuanzia mbele. Nilichana kamba ya mgomba shambani kwa watu, nikaifunga, nikarudi natembea. Nilipozipeleka dukani nikaambiwa hizo ni za kutokea tu, si za kukimbilia. Niliumia sana, kwa sababu niliingia pale nikasema wazi kwamba nataka za kukimbilia. Mwanangu wa dada, ambaye ni mpagazi mlimani, ndiye aliyeniambia, "Mamdogo, twende Memorial. Sisi wote tunavaa kule."

Banda lenyewe halizidi upana wa kitanda. Raba zimening'inizwa kwa kamba zake kutoka chini hadi kwenye bati, na panasikika harufu ya sabuni ya unga na gundi. Nilinyoosha kidole kwenye pea ya zambarau iliyonivutia tangu nje. Yule kaka muuzaji hakuishusha. Akasema, "Karibu dada, kaa kwanza. Unakimbilia lami au vumbi?"

Nikasema kote.

"Raba ya kote hakuna, dada. Wapi zaidi?"

Akanivua viatu, akashusha ile ya zambarau, akachomoa soli yake ya ndani, ile nyepesi inayolala chini ya unyayo, akaiweka juu ya kipande cha boksi, akaniambia nisimame juu yake. Nyama ya mguu wangu ilimwagika pembeni, pande zote mbili, na kidole kidogo kilikuwa nje kabisa. Na raba ilikuwa namba yangu hasa, 40. "Namba imekubali, umbo limekataa," akasema, akairudisha juu. Tangu siku ile sijanunua kiatu chochote, hata cha kanisani, bila kusimama kwanza juu ya soli yake ya ndani. Ni kipimo cha sekunde kumi na hakigharimu kitu, na katika miaka yangu yote ya kununua viatu dukani hakuna aliyewahi kunionyesha.

Mengine aliyonifundisha siku hiyo: nije jioni, kwa sababu mguu uliokanyaga kutwa umevimba kidogo, na ndivyo utakavyokuwa kilomita ya kumi na tano. Nije na soksi ninazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa gumba la mkono, la sivyo kila mteremko utaulipia kwa kucha. Kucha zangu mbili zilishaondoka kwa njia hiyo, kwa hiyo hilo nilimwelewa haraka.

Halafu kuna tofali. Chini ya meza yake ana tofali moja la kutandikia njia, zile za zege. Analimwagia maji, anakupa raba, anakuambia uikandamize juu ya tofali kwa kiganja na kuisukuma mbele. Raba yenye mpira laini inagoma, unaona mkono unasita na soli inang'ang'ania. Yenye mpira mgumu inapita kama sabuni. Meno ya soli zote mbili yanaweza kufanana kabisa kwa macho. Mpira laini nao huisha mapema ukiukimbizia lami, na mgumu hudumu, kwa hiyo hapo hakuna bora wa moja kwa moja, kuna anayekimbilia mawe yenye maji na asiyekimbilia huko.

Sasa ardhi yetu. Ukiwa Moshi mjini, kaskazini una lami ya Mweka, mwinuko mtupu, na ndiko Kilimanjaro Marathon inakowapandishia watu tangu 2003. Kusini ni tambarare ya TPC, kiwanda cha sukari, miwa na vumbi, barabara za udongo zilizonyooka hadi unachoka kuziangalia. Ukiacha lami ukaingia Uru au Kibosho, uko kwenye vihamba: vichochoro vyembamba kati ya migomba na kahawa, mifereji ya kuvuka, na udongo mwekundu. Halafu kuna msitu wa Rau, mbega juu, mizizi chini, maji kila mahali, na ukitokeza upande wa pili ni majaruba ya mpunga. Yote hayo ni ndani ya kilomita chache kutoka mjini. Ndiyo maana nina pea tatu, na zote tatu kwa pamoja zimenigharimu 165,000, yaani 45,000 tu zaidi ya ile moja ya dukani iliyokufa wiki ya tatu.

Ya lami na TPC ni Nike Pegasus, 45,000. Kisigino chake kimeinuka kuliko mbele kwa milimita 10, na kwa mtu anayetua kwa kisigino kama mimi, mwenye mashavu ya miguu yaliyokaza kwa kukaa ofisini, hicho kimo ni nafuu kubwa. Soli yake ni tambarare, vijino vifupi tu. Kwenye vumbi kavu la TPC inatosha kabisa, msidanganyike kwamba kila barabara isiyo na lami inataka raba ya milimani. Nimeishaikimbilia mwaka mzima na zaidi. Kwenye tope sijaipeleka wala sitaipeleka.

Ya vihambani ndiyo ninayotaka kuisemea sana, maana huko ndiko watu wanakovunjika mikono. Udongo wetu mwekundu wakati wa masika si tope la kawaida. Juu unateleza, chini unanata. Ukikanyaga na soli tambarare unaondoka kama umekanyaga ganda la ndizi, na ukikanyaga na meno yaliyobanana, udongo unajaa katikati yake, hatua kumi baadaye unabeba mguuni chungu cha mfinyanzi na meno hayapo tena, umekuwa na kipara. Kinachotakiwa ni meno marefu na yaliyoachana, ili kila unapoinua mguu udongo udondoke wenyewe. Yule kaka alinipa Salomon Speedcross, 70,000. Meno yake yana kama milimita 5, yamekatwa kwa umbo la mshale, na nafasi kati yake ni pana. Aprili mwaka jana nilishuka nayo kutoka Materuni baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nasikia vibonge vya udongo vikiruka na kunipiga nyuma ya mapaja, na nikajua raba inafanya kazi yake. Sikuanguka hata mara moja. Kamba yake ni uzi mmoja mwembamba unaouvuta na kuusukumia mfukoni kwenye ulimi, haufunguki njiani, hata ukipita kwenye majani ya kahawa.

Ila mbele ni nyembamba, hilo lazima niliseme. Nimechukua namba moja zaidi ya kawaida yangu, na bado siivai zaidi ya saa moja na nusu. Na usiikimbizie lami. Meno marefu yakigonga lami yanapinda chini yako, magoti yanalalamika, na ndani ya miezi michache yameisha. Mimi huwa natembea kutoka nyumbani hadi lami inapoishia, ndipo naanza kukimbia.

Ya tatu ni Altra Lone Peak, 50,000, na hii ndiyo mguu wangu ulikuwa unaisubiri miaka yote. Mbele imekatwa kwa umbo la mguu wa binadamu, vidole vinatawanyika, gumba langu la kulia linapumua. Kisigino na mbele viko usawa mmoja, hakuna mwinuko hata kidogo. Yule kaka alinionya: "Dada, hii usiikimbie mbali mwezi wa kwanza." Sikumsikiliza. Nilikwenda nayo Rau kilomita 12 siku ya pili, na nikalala na maumivu ya mashavu ya miguu na kano ya kisigino kwa wiki nzima. Kisigino kikishuka, kano inavutika kuliko ilivyozoea. Nilianza upya, kilomita mbili, kisha tatu, na baada ya wiki sita ikawa sawa. Sasa msituni siendi na nyingine. Kwenye mizizi unasikia ardhi, mguu unajua ulipo.

Kwa kisigino changu chembamba alinionyesha kufunga kamba kwa kile kitundu cha mwisho ambacho wengi tunakiacha. Unaingiza kamba kwenye kitundu hicho upande uleule ilipo, inabaki kitanzi kidogo, unafanya hivyo pande zote mbili, kisha unapitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili na kuvuta kuelekea chini. Kisigino kinashikwa, mbele panabaki huru. Malengelenge yangu ya kisigino yaliishia hapo.

Nimempeleka dada yangu pia. Ana kilo 94 na ameanza mwaka huu, anazunguka Shanty Town kwa kutembea na kukimbia kidogo kidogo. Alizitaka Speedcross kwa sababu ni nzuri na ameziona kwangu. Yule kaka alikataa kumuuzia. Alikataa pesa, mbele yangu, akampa Hoka Clifton yenye sponji nene juu ya soli, ambayo bei yake ilikuwa pungufu kwa 15,000 kuliko ile aliyoitaka. Mwanangu mpagazi yeye ana kilo 58 na anatua mbele ya mguu, akapewa Saucony Peregrine, kisigino kimeinuka milimita 4 tu. Nilijaribu kuivaa, sikuweza kufika nayo hata getini, wakati yeye anashuka nayo Kibosho kama mbuzi.

Na mtu akikuuzia raba yenye utando wa kuzuia maji kwa ajili ya masika, fikiria mara mbili. Maji ya mfereji yanaingilia juu, kwenye kifundo, na yakishaingia hayatoki. Raba ya wavu inaingiza maji na kuyatoa hapohapo.

Kasoro zipo. Hakuna risiti, na huwezi kurudishiwa pesa. Mwanga ndani ni hafifu, kwa hiyo toka na raba nje uiangalie. Bei zinapanda Januari na Februari kwa sababu ya marathoni. Kubwa zaidi ni sponji iliyozeeka. Pea moja niliyoinunua kwake mwaka jana, kampuni siitaji, ilikuwa safi mno, soli haijaguswa, nikafikiri nimeokota. Kumbe ilikaa stoo ya mtu miaka mingi hadi sponji ikakauka. Kilomita tano tu magoti yakawaka. Hakunirudishia pesa, alinipunguzia 10,000 kwenye pea iliyofuata, na mimi nilitegemea zaidi ya hapo. Siku hizi nabonyeza sponji pembeni kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi ni nzima, ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko, naiacha. Naangalia pia lebo ndani ya ulimi, kampuni nyingine huchapa tarehe ya kutengenezwa. Na ninapita kwa ukucha pale soli inapokutana na sponji. Ukiona mstari wa gundi mbichi, fundi ameshapita hapo.

Mwezi huu meno ya Speedcross yangu yamebaki nusu kwenye upande wa nje wa kisigino, kwa hiyo nitarudi kabla masika haijaanza. Nenda siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, na soksi zako mfukoni. Ukishaingia sehemu ya viatu, muulize yeyote yule kaka mwenye tofali, watakuonyesha.