Uzoefu wangu: asidi ya sitriki ndani ya tangi la Honda CG125 iliyolala miaka 9

Pikipiki yangu ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa na injini ya silinda moja ambayo valvu zake husukumwa kwa fito. Sifa yake ya uvumilivu si maneno matupu, kwa sababu baada ya kukaa miaka 9 bila kuwashwa, injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko kitu kingine chochote. Nilidondosha oili kidogo kupitia tundu la plagi, nikaiacha ilale usiku kucha, kisha nikapiga kiki polepole huku plagi ikiwa nje, na pistoni ikapanda na kushuka bila kukwama. Kilichoniumiza kichwa ni tangi, ingawa mwanzoni lawama zote nilizitupia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Pikipiki iliwaka kwa choki, inayopunguza hewa ili mafuta yazidi, lakini haikukaa kwenye silensa, kama mafundi wanavyosema, yaani haikuweza kuunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta. Nikirudisha choki tu, inazima. Petroli iliyokaa muda mrefu hupoteza sehemu zake nyepesi hewani na kubakiza utomvu unaonata, na utomvu huo huziba kwanza ile jeti ndogo, yaani kitundu chembamba cha kupitishia petroli, inayolisha injini inapounguruma taratibu. Niliizibua kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, kwa kuwa chuma kigumu kingepanua tundu na kuharibu kipimo chake. Ikatembea vizuri siku mbili, halafu ugonjwa ukarudi uleule. Nilipofungua bakuli la kabureta kwa mara ya tatu nilikuta chini yake unga mwekundu, laini kama tofali lililosagwa, na ndipo nilipopata akili ya kumulika tochi ndani ya tangi. Kuta zote zilikuwa na kutu.

Kwa haraka zangu nilinunua rangi maalumu ya kupaka tangi kwa ndani, nikaimimina juu ya kutu ileile baada ya kusuuza kidogo tu. Haikumaliza miezi miwili kabla ya kuanza kubanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na vipande hivyo vikaziba koki ya mafuta kabisa. Siwezi kuilaumu rangi yenyewe, maana kopo lilieleza wazi kwamba kutu iondolewe kwanza, lakini kuibandua baadaye kulinichosha kuliko kazi nyingine yoyote katika ufufuaji huu wote.

Asidi ya sitriki, ileile inayoipa ndimu ukali wake, huuzwa ikiwa unga mweupe. Nilikwisha kuosha tangi kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya petroli ikaisha, nikafungua koki na kifaa cha kupimia mafuta, kwa sababu asidi hula pia metali laini kama alumini, na matundu yake nikayaziba kwa mpira wa tyubu kuukuu. Nilichanganya gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto, nikajaza hadi shingoni ili hata kutu ya juu iguswe. Kifuniko nilikiegesha tu bila kukibana, kwa kuwa asidi inapokutana na chuma hutoa gesi, na gesi isiyo na njia hutafuta njia yake.

Baada ya saa 24 maji yaliyokuwa angavu yaligeuka kijani kilichokolea, karibu na cheusi. Niliyapunguza, nikaingiza kipande cha mnyororo wa zamani kilichofungwa waya ili kisinipotelee humo, nikalitikisa tangi mpaka mikono ikaniuma. Tochi ilionyesha chuma cha kijivu kila mahali, isipokuwa mstari mmoja wa maungio ambao ulidai saa nyingine 6.

Hapa ndipo nina malalamiko, kwa kuwa pakiti haikusema lolote kuhusu hatua inayofuata. Nilisuuza kwa maji matupu, nikageuka kutafuta kitambaa, na niliporudi chuma kilikuwa kimeshapata wekundu mpya. Ilinibidi nirudie kwa asidi hafifu, kisha nisuuze papo hapo kwa maji yenye magadi soda ili kuua ukali uliobaki, nilikaushe tangi kwa mashine ya kukaushia nywele na kulizungushia oili kidogo ndani bila kupumzika katikati. Anayetaka kufanya kazi hii aandae kila kitu mkononi kabla ya kumwaga asidi. Aikinge pia rangi ya nje, kwa maana tone moja nililochelewa kulifuta limeacha doa lililopauka karibu na kifuniko.

Ninaipa alama 4 kati ya 5, na ile moja iliyopungua ni ya ukimya wa pakiti. Nimefunga chujio la plastiki angavu kati ya koki na kabureta: mwezi wa kwanza lilinasa chembe chache, na katika miezi mitano iliyofuata sijaona kitu. Nikijua pikipiki itasimama zaidi ya wiki mbili, ninalijaza tangi pomoni, kwa kuwa unyevu hujikusanya kwenye ile nafasi iliyo tupu.